Bunduki moja kwa watu wawili: kisa cha kuchagua risasi ya kuwindia kulungu katika misitu ya Maine

Kisa ninachokichambua hapa kinamhusu mwanamume mzaliwa wa Uvira, Kivu Kusini, anayeishi na familia yake Lewiston, katika jimbo la Maine nchini Marekani, ambaye aliamua kununua bunduki yake ya kwanza ya kuwindia kulungu. Ana kadi ya ukaazi wa kudumu, anafanya kazi ya zamu katika ghala, na mwenzake wa kazini alikuwa amemkaribisha awinde kwenye shamba la wazazi wake, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka mjini. Fedha aliyotenga ilikuwa dola 1,000 kwa kila kitu: bunduki, darubini, risasi na kabati ya chuma ya kufungia silaha, kwa kuwa nyumbani kuna watoto wadogo. Mkewe, ambaye kimo chake kinamfikia mumewe begani, alikuwa amehudhuria pamoja naye mafunzo ya usalama ambayo Maine inayadai kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na leseni ya uwindaji, naye alitaka kuwinda pia, wakipokezana bunduki hiyo hiyo. Jambo hilo la mwisho mume alilitaja kwa kupita tu, lakini ndilo lililobeba kisa kizima.

Aliponipigia simu alikuwa ameshafikia uamuzi. “Kaka, nataka ile ya nguvu kabisa, mnyama aanguke pale pale asiteseke,” aliniambia, na aliyoitaja ni .300 Winchester Magnum, risasi iliyoingia sokoni mwaka 1963 kwa ajili ya wanyama wakubwa na masafa marefu. Muuzaji mmoja alikuwa amemsifia sana, akamwambia kwamba bunduki hiyo itamfaa kwa kulungu, kwa dubu, na hata kwa musi, yule mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu, siku atakapobahatika kupata kibali chake katika bahati nasibu ya jimbo. Mtu aliyekulia Kivu katika miaka ya vita ameifahamu bunduki kwa sura nyingine kabisa, na sikushangaa kwamba kwake swali la silaha lilikuwa swali la nguvu. Hata hivyo hoja yake juu ya mateso ya mnyama ilikuwa ya kiutu, na ilistahili kujibiwa kwa hesabu, bila kubezwa. Nilimwomba tuahirishe safari ya dukani na twende kwanza shambani.

Shamba lenyewe ni kama mashamba mengi ya kusini na katikati mwa Maine. Zamani lilikuwa malisho. Sasa sehemu kubwa imerudi kuwa msitu, na kuta za mawe zilizojengwa na wakulima wa karne zilizopita zinakatiza katikati ya miti. Kuna uwanja mmoja wa majani ya kukatia mifugo, kuna kijito, na kuna kona iliyoziba kwa miti ya kijani kibichi ambako kulungu hulala mchana. Tulitembea na kipima umbali mkononi. Mstari mrefu kuliko yote katika uwanja ulikuwa mita 140 hivi. Ndani ya msitu, mahali ambapo njia za wanyama zilionekana wazi kwenye majani makavu, tulipata shida kuona kitu chochote zaidi ya mita 60, na pengi hatukuona zaidi ya 40. Kwa hiyo masafa ya kisa hiki yalijulikana kabla hatujataja jina la bunduki hata moja, na kila faida ya .300 Magnum inayopatikana baada ya mita 300 ikawa haina pa kutumika katika shamba lile.

Kulungu wa mkia mweupe jike aliyekomaa katika jimbo hili huwa na uzito wa kilo hamsini na kitu baada ya kutolewa matumbo, na dume kubwa, la aina ambayo wenyeji hulisimulia kwa miaka, hufikia kilo 90. Moyo na mapafu yake, ukimtazama ubavuni, vinakaa katika eneo lenye kipenyo cha sentimita 20 hivi, nyuma tu ya bega na chini ya nusu ya kimo cha kiwiliwili. Risasi iliyopita hapo inakata mishipa mikubwa na kuyafanya mapafu yasinyae. Damu inashuka, ubongo unakosa hewa, na mnyama anaanguka baada ya sekunde chache, mara nyingi akiwa amekimbia mita 30, 50 au hata 100. Hakuna bunduki ya begani inayomwangusha kulungu kwa msukumo wake, maana kama msukumo huo ungetosha kumwangusha yeye, ungemwangusha na mpigaji. Anayeanguka papo hapo amepigwa kwenye ubongo, kwenye uti wa mgongo, au kwenye mifupa ya mabega. Anayepigwa tumboni kwa .300 Magnum atatembea kwa saa nyingi kama yule aliyepigwa tumboni kwa risasi ndogo, na atakufa kwa mateso yale yale ambayo ndugu yetu alitaka kuyaepuka.

Nguvu hiyo ya ziada ina ukubwa gani? Risasi ya .300 Winchester Magnum yenye uzito wa greni 180, yaani gramu 11.7, hutoka kwenye mtutu kwa kasi ya karibu mita 900 kwa sekunde, ikiwa na nishati ya jouli 4,700 hivi. Risasi ya .30-30, iliyotoka mwaka 1895 kwa ajili ya bunduki ya wenzo (ile inayopakiwa kwa kusukuma na kurudisha mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio) ya Winchester iliyobuniwa na John Browning, haifiki jouli 2,600, na imekuwa ikiangusha kulungu katika misitu hii hii kwa zaidi ya miaka 100. Kati ya hizo mbili kuna kundi kubwa la risasi, na kila moja katika kundi hilo inapita kifua cha kulungu kutoka upande mmoja hadi wa pili katika masafa ya shamba lile. Ikiwa zote zinapita, basi nishati inayozidi hapo inaishia kwenye mti au udongo ulio nyuma ya mnyama, na gharama yake analipa mpigaji kwa bega lake.

Gharama hiyo ndiyo teke la bunduki, na hapa ndipo kisa kilipoamuliwa. Katika bunduki za uzito wa kawaida wa kuwindia, kati ya kilo tatu na nusu na nne, .243 Winchester hupiga bega kwa jouli 12 hivi, .30-30 kwa 14, 7mm-08 Remington kwa 17, .308 Winchester kwa 21, .30-06 Springfield kwa 27, na .300 Winchester Magnum kwa 35. Tarakimu hizi hupanda na kushuka kulingana na uzito wa bunduki na wa risasi, lakini mpangilio wake haubadiliki. Mtu akizoea polepole, kwa miaka, anaweza kuimudu bunduki ya jouli 35. Anayeanza nayo hujifunza kwanza kuiogopa, na mwili hujifunza woga huo haraka kuliko kichwa, kwa sababu mlipuko, mwanga na kipigo cha bega vinafika kwa pamoja sekunde ile ile ambayo kidole kinatakiwa kuwa kitulivu kuliko wakati wowote.

Tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha na bunduki tatu za kuazima: .300 Magnum, .308 na 7mm-08. Mume alianza na ile aliyoitaka. Risasi za mwanzo zilitua vizuri, pengine kwa sababu alikuwa bado hajui kinachokuja. Kisha zikaanza kutawanyika, nyingi zikienda chini na kushoto. Nikampokea bunduki, nikampa mgongo, nikatia kwenye chemba risasi bandia, ile isiyo na baruti wala kiwashio, nikamrudishia bila kumwambia kitu. Alilenga, akavuta pumzi, akabonyeza kifyatulio. Ulisikika mlio mdogo wa chuma tu, lakini mdomo wa mtutu ulizama kama uliokuwa umevutwa kwa kamba, macho yake yakafumba, na bega likasogea mbele kulipokea pigo ambalo halikuja. Hakuhitaji maelezo yangu. Alibaki ameegemea meza, akiitazama ile shabaha, kisha akasema, “Kwa hiyo ni mimi ninayeihamisha.” Katika mita 91, yaani yadi 100, kuzama kwa mtutu kwa milimita tatu tu katika bunduki yenye urefu wa mita moja kunahamisha risasi karibu sentimita 30, na kifua cha kulungu tumeshasema kina sentimita 20.

Mkewe, shemeji yangu kwa heshima, hakuigusa .300 kabisa, na alikuwa na haki. Alianza na bunduki ndogo ya .22 ili azoee kulenga na kubonyeza, akapanda kwenye 7mm-08, na alipofika kwenye .308 alipiga risasi chache akasema kwamba hii anaiweza lakini ile nyingine anaipenda. Mimi huyapa uzito mkubwa maneno ya namna hiyo. Bunduki ambayo mtu anaipenda atakwenda nayo kwenye shabaha mwezi wa nane na wa tisa. Ile ambayo anaiweza tu itakaa kabatini hadi wiki ya msimu.

Kabla ya kuhukumu, nilimsimulia mume habari moja ya nyumbani, Afrika ya Mashariki, kwa sababu alikuwa bado ananiuliza kama risasi ya milimita saba si ndogo mno. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mskoti mmoja, W. D. M. Bell, aliyejulikana kwa jina la Karamojo kutokana na nchi ya Karamoja huko Uganda, aliwinda ndovu kwa ajili ya pembe, na katika maisha yake aliua zaidi ya 1,000. Sehemu kubwa yao aliwaua kwa bunduki ya .275 Rigby, ambayo kwa hakika ni ile 7x57 ya Mauser ya Wajerumani iliyopewa jina la Kiingereza. Siisimulii kwa kuisifu, maana mauaji yale yalikuwa ni uporaji wa mali ya nchi. Wala simshauri mtu yeyote amkaribie ndovu au nyati na bunduki hiyo, na sheria za nchi kadhaa za Afrika zinadai kaliba, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi, isiyopungua .375 kwa wanyama hao, kwa sababu nzuri kabisa. Ninaisimulia kwa kuwa Bell alisoma kwa makini mafuvu ya ndovu hadi akajua ubongo umekaa wapi kutoka kila upande, na alitumia risasi ngumu isiyotanuka, yenye uzito wa greni 173, kutoka kwenye bunduki ambayo teke lake halikumtisha. Risasi ya 7mm-08, iliyotolewa na Remington mwaka 1980 kwa kubana shingo la ganda la .308, ina kipenyo kile kile na inakaribiana sana na ile ya Bell kwa nguvu. Kulungu wa kilo 70 hawezi kusema imempungukia.

Baada ya hapo mashindano yalibaki kati ya risasi chache. Bunduki ya wenzo ya .30-30 ingeufaa msitu ule kwa kila hali, ni fupi na nyepesi kubeba, na mimi binafsi naipenda. Lakini bunduki mpya za aina hiyo siku hizi zinagharimu karibu bajeti yote ya ndugu yetu, na magazini yake ya bomba, ambamo risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine, inadai risasi zenye ncha butu, kwani ncha kali inaweza kugonga kiwashio cha risasi iliyo mbele yake. Tena risasi yake hushuka sana: ukiirekebisha ilenge sawa katika mita 91, ukifika mita 180 imeshuka sentimita 20 hivi, mara mbili ya 7mm-08. Katika uwanja wa mita 140 hilo si tatizo kubwa, ila bei ni tatizo. .243, ya mwaka 1955, ina teke dogo kuliko zote na inaua kulungu vizuri mikononi mwa mtulivu, lakini risasi yake ya gramu sita na nusu haimpi mwanafunzi nafasi kubwa pale dume zito linaposimama mshazari na mfupa wa bega ukawa njiani. 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na Hornady mwaka 2007, ingefaa sawasawa na 7mm-08; nisingebishana na mtu aliyeichagua.

Ushindani wa kweli ulikuwa na .308. Hii iliingia sokoni mwaka 1952, ikawa ndugu wa risasi ya jeshi ya NATO, na kwa sababu hiyo inapatikana kila mahali, hata katika duka la kijiji linalouza pia chambo cha samaki na kahawa. Uhaba wa risasi wa miaka ya 2020 na 2021 uliwafundisha wawindaji wengi kwamba bunduki nzuri isiyo na risasi ni fimbo ghali, na 7mm-08 ilikuwa miongoni mwa zile zilizopotea rafuni. Zaidi ya hayo, .308 ina risasi za mazoezi za bei nafuu, na viwanda vinatengeneza risasi zake zilizopunguzwa teke ambazo zingemfaa shemeji. Nilikaa na hoja hizi kwa muda, kwa kuwa ni hoja nzito. Kilichonishinda ni kwamba risasi iliyopunguzwa teke haitui mahali pamoja na ile kamili, na bunduki hii ilikuwa ya watu wawili. Mume angerekebisha darubini kwa risasi yake, mke angeirekebisha kwa yake, na asubuhi moja ya baridi mmoja wao angeingia msituni na bunduki iliyolenga kwa risasi ya mwenzake. Watu wawili wanaotumia bunduki moja wanahitaji risasi moja ambayo wote wanaimudu. Nilipendekeza 7mm-08, kwa sharti kwamba wanunue mapema, wakati wa kiangazi, maboksi ya kutosha ya aina moja, toleo moja, ya kuwafikisha hadi mwisho wa msimu wa pili.

Jambo la kichwa cha risasi, yaani ile sehemu inayoruka na kumpiga mnyama, ni la kuzungumzwa polepole, hasa kwa wenye watoto. Risasi ya kawaida ya kuwindia ina kiini cha madini ya risasi (ledi) ndani ya koti la shaba. Inapogonga, ncha inatanuka hadi karibu mara mbili ya kipenyo chake, na hapo vipande vidogo sana vya kiini hutawanyika ndani ya nyama, vingine mbali na tundu la jeraha, vidogo kiasi kwamba ulimi hauvitambui. Mwaka 2008, katika jimbo la North Dakota, nyama ya kulungu iliyokuwa imetolewa sadaka kwa ajili ya maskini ilipigwa picha za eksirei ikaonekana ina vipande hivyo, na idara ya afya ikashauri itupwe. Madini hayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Vipo vichwa vilivyotengenezwa kwa shaba tupu, ambavyo vinatanuka kama ua la petali nne na kubaki na karibu uzito wake wote, na bei yake imepanda kidogo tu juu ya zile za kawaida. Shaba ni nyepesi na ngumu kuliko madini ya risasi, hivyo huhitaji kasi ili itanuke. Ndiyo sababu mtu huchagua kichwa chepesi zaidi. Kwa 7mm-08 greni 120 zinatosha, zikitoka kwa mita 900 kwa sekunde, na katika masafa ya shamba lile kasi haiwezi kuwa pungufu. Nilisisitiza shaba, na katika jambo hili sikuacha nafasi ya mjadala. Tai wanaokula matumbo yaliyoachwa msituni nao hufa kwa sumu hiyo hiyo. Na kwa kuwa nawajua watu wetu, niliongeza kwamba maini na figo za kulungu na musi wa Maine hazishauriwi kuliwa, kutokana na kadimiamu inayojikusanya humo.

Bunduki yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko risasi. Walichukua bunduki ya bolti, ile inayopakiwa kwa kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono, ya bei ya kati yenye kitako cha plastiki ngumu, kisichovimba kwa theluji inayoyeyuka, na chenye vipande vya kuongezwa au kupunguzwa nyuma ili kurefusha na kufupisha. Kitako kirefu kinamfanya mtu mfupi aegemee nyuma na kunyoosha shingo, na teke humpata vibaya zaidi akiwa hivyo. Tena mwezi wa 11 kila mtu amevaa koti nene linaloongeza sentimita mbili au tatu. Kwa hiyo kitako kiliwekwa kwa kipimo cha mke, na mume akajibana kidogo, jambo ambalo mtu mrefu huliweza kwa urahisi kuliko mfupi kujirefusha. Kwenye mtutu kumeandikwa 7mm-08 Rem., na niliwaonyesha wote wawili kusoma maandishi yale yale kwenye kitako cha ganda kabla ya kupakia, kwa sababu ganda la .308 na hili ni pacha kwa umbo, na rafiki yao wa shambani anatumia .308.

Darubini waliyochagua hukuza mara mbili hadi saba, na niliwaomba waiache kwenye mbili wakiwa msituni. Mara tisa au kumi na mbili katika msitu wa mita 40 humwonyesha mtu manyoya ya kahawia tu, asijue ni ubavu au ni paja, na hapa Maine kosa hilo lina historia. Novemba 1988, katika mji wa Hermon, mama mmoja aliuawa nyuma ya nyumba yake na mwindaji aliyedai kwamba alidhani ameona kulungu. Baada ya tukio hilo jimbo lilitunga, mwaka 1991, sheria inayomlazimisha mwindaji kukitambua anachokilenga: lazima aone kichwa na kiwiliwili cha mnyama, na jinsia yake pale leseni inapodai. Darubini ya bunduki haitumiki kutazamia, kwani kutazamia kwayo ni kumnyooshea mtutu mtu usiyemjua. Kwa kazi hiyo kuna darubini ya macho mawili, shingoni. Kofia na fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa ni lazima kwa wote wawili, na hakuna kufyatua risasi ndani ya yadi 100 za nyumba ya mtu bila ruhusa yake. Jumapili hakuna uwindaji.

Kuhusu ununuzi, maneno machache yatawafaa wasomaji walio katika hali kama yake. Sheria ya shirikisho inamruhusu mkaazi wa kudumu kununua bunduki. Muuzaji mwenye leseni humjazisha fomu ambayo ndani yake huandika uraia wake na namba yake ya uhamiaji, kisha rekodi zake huchunguzwa. Kwa walio na viza za muda hali ni tofauti, kwa kawaida wamekatazwa isipokuwa wawe na leseni halali ya uwindaji au msamaha mwingine wa kisheria, na aliye katika hali hiyo azungumze na mwanasheria kabla ya kugusa silaha ya mtu. Kumnunulia mwingine kwa fedha yake huku ukijaza fomu kana kwamba bunduki ni yako ni kosa la jinai, hata akiwa ndugu wa damu.

Msimu ulipofika, mume alipata dume dogo katika wiki ya tatu, mita 50 hivi, limesimama ubavu karibu na ukuta wa mawe. Risasi iliingia nyuma ya bega, ikapita katikati ya mbavu, ikatokea upande wa pili. Mnyama aliruka ukuta, akakimbia, akaanguka ndani ya upeo wa macho. Nyama iliyoharibika ilijaa kiganja kimoja. Alinieleza kwamba hakukumbuka teke wala mlio. Mkewe alikaa asubuhi kadhaa kwenye kona ya kijito, na siku moja mnyama alisimama mbele yake kwa muda mrefu nyuma ya matawi, miguu na paja tu vikionekana. Hakupiga. Msimu wake uliisha bila nyama, na kwa jinsi anavyopiga shabaha sina shaka na mwaka ujao.

Swali la musi bado anaendelea kuniuliza, na jibu langu ni kwamba wawindaji wa Sweden na Norway wamekuwa wakiangusha musi kwa 6.5x55, risasi nyembamba kuliko yake, tangu mwisho wa karne ya 19. Akipata kibali, atumie kichwa cha shaba cha greni 140, arekebishe upya darubini, na asubiri ubavu. Jibu langu lingebadilika zaidi kama angehamia kaskazini, Aroostook, ambako mashamba ya viazi humfungulia mtu mita 250 na zaidi: hapo ningetaka darubini yenye nguvu zaidi na mazoezi ya masafa hayo, ingawa risasi ningeiacha ile ile. Na kama angehamia Ohio, waliko Wakongomani wengi, bunduki hii isingeruhusiwa kwa kulungu hata kidogo, maana kwa bunduki za namna hii jimbo hilo linakubali tu ganda lililonyooka lisilobanwa shingo, la kaliba .357 hadi .50. Huko ningemwelekeza kwenye .350 Legend ya mwaka 2019, ambayo teke lake ni dogo kuliko la 7mm-08, na ambayo shemeji angeimudu tangu siku ya kwanza.